Taa za Mbele za Wilma Jean

Wazazi wa watoto aliokuwa akiwabeba Wilma Jean Hackney walipanda basi lake hilohilo walipokuwa wadogo. Alikuwa ameendesha basi la shule katika Kaunti ya Harlow, Tennessee, maisha yake yote ya utu uzima. Mumewe alikuwa amefariki, watoto wake wamehamia mbali, na magoti yalimuuma kila alipopanda ngazi ya basi asubuhi. Hakuwa na kazi nyingine wala hakutaka nyingine.

Tulipomzika Orville Stiles, fundi wa karakana ya mabasi aliyemfundisha kushika usukani, Wilma Jean alikuwa zamu ya jikoni kanisani. Kwetu kina mama wa jikoni ndio hutoka mwisho. Wenzao wakishajipanga nje na magari yao nyuma ya gari la maiti, wao bado wanafunika kuku na pai za viazi vitamu ili wafiwa wakirudi kutoka makaburini wakute chakula. Huko nje watu wa kampuni ya mazishi hupita gari kwa gari, wanabandika kibendera juu ya boneti na kumkumbusha kila dereva awashe taa za mbele. Mwenye taa zinazowaka yumo katika msafara, na msafara huruhusiwa kupita hata taa ya barabarani ikiwa nyekundu. Wengine wote husimama pembeni.

Wilma Jean alipotoka, aproni bado kiunoni, mstari ulikuwa umeshaondoka. Hakubandikiwa bendera wala hakukumbushwa lolote. Aliufukuza mkia wa msafara kwa gari lake akaufikia kwenye njia panda ya Kinu cha Yarbro. Gari la mwisho lilipita, naye akapita nyuma yake kwenye taa nyekundu. Askari aliyekuwa ameegesha pale alimsimamisha na kumwandikia tiketi, karatasi ya kosa la barabarani.

Aliitia kwenye mfuko wa aproni. Jioni aproni ikaingia kwenye mashine ya kufulia pamoja na taulo za kanisa, na tiketi ikatoka vipande vyeupe visivyosomeka. Tarehe ya kufika mahakamani hakuwa ameisoma.

Alikwenda mahakama ya Harlow. Karani alitafuta kwa jina lake, kisha kwa namba ya leseni.

"Huna kitu hapa, mama."

"Tafuta tena, mwanangu. Niliandikiwa pale Kinu cha Yarbro."

"Nimetafuta. Ingekuwepo ningeiona. Nenda nyumbani ukapumzike."

Wifi yake Nadine, ambaye humpeleka huku na huko magoti yakikataa, alifurahi kama aliyeponea ni yeye.

"Basi, yameisha hayo. Askari kapoteza makaratasi yake, Mungu ambariki."

"Hayajaisha, wifi. Tiketi haipotei kwa kuwa mimi nimeipoteza."

"Wewe ni mtu wa ajabu. Watu wanawakimbia askari, wewe unamkimbilia. Ukiambiwa huna tiketi utaomba wakuandikie mpya?"

Wilma Jean alicheka kidogo. Usingizi haukumjia vizuri wiki hiyo. Asiyefika mahakamani hufungiwa leseni bila kuambiwa ana kwa ana, na kila asubuhi alipofunga mlango wa basi alijiuliza kama amewabeba watoto wa watu kwa leseni iliyokwisha kufa. Nimewasikia watu wazima, wengine wana vyeo kanisani, wakisema lisilojulikana si kosa. Mwanamke huyu hakuwa na raha ya kusema hivyo.

Alimuuliza dereva mwenzake, na huyo akamwambia jambo ambalo sisi tuliozaliwa hapa hatukuwahi kulifikiria: barabara ile ya Kinu cha Yarbro ndiyo mpaka wa kaunti. Kanisa liko Harlow, makaburi yako Harlow, lakini nguzo ya taa imesimama upande wa kaunti jirani ya Bascom, na kesi za pale husikilizwa huko. Nadine alimpeleka mahakama ya Bascom akinung'unika njia nzima.

Karani wa huko, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, aliipata mara moja.

"Umebahatika, dada. Kesi yako ni kesho kutwa. Wengi tunawapeleka darasa la usalama barabarani, wakimaliza kosa linafutwa." Akaangalia tena kompyuta. "Ah. Wewe una leseni ya magari makubwa."

"Naendesha basi la shule."

"Basi wewe sheria haituruhusu kukufutia. Pole sana. Labda hakimu akuone huna hatia."

Hapo Wilma Jean alielewa yote. Shule yetu ina kanuni yake: dereva akipatikana na hatia ya kupita taa nyekundu, anatolewa kwenye usukani mwaka mzima. Akiwa na umri wake, na magoti yale, mwaka mzima ni sawa na kuambiwa kwaheri.

Siku ya kesi hakimu, mzee mwenye mafua, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia askari.

"Kulikuwa na msafara?"

"Ulikuwepo, mheshimiwa. Huyu alikuwa nyuma kabisa."

"Taa zake za mbele zilikuwa zinawaka?"

Askari alijikuna shingo. "Kusema kweli sikumbuki."

Hakimu alipenga kamasi, akaikunja leso yake taratibu. "Bibi Hackney, mtu aliyemo msafarani akiwa amewasha taa, hana kosa mbele yangu. Wengi huwasha. Zako zilikuwa zinawaka?"

Mlango uliachwa wazi namna hiyo. Nadine, kwenye benchi la nyuma, alikohoa kwa nguvu kuliko alivyohitaji. Askari alikuwa anatazama saa. Hapakuwa na mtu chumbani ambaye angeumizwa na neno "ndiyo."

"Hazikuwa zinawaka, mheshimiwa. Nilitoka jikoni nimechelewa, nikasahau."

"Una hakika?"

"Nilipozima gari pale aliponisimamisha, niligusa swichi ya taa. Ilikuwa chini, imezimwa."

Hakimu alishika kalamu. "Unajua ninalolazimika kuandika."

"Najua."

Aliandika. Alimpunguzia faini mpaka kiwango cha chini kabisa, kwa kuwa hilo tu ndilo lililobaki mkononi mwake.

Ndani ya gari, walipotoka nje ya mji, Nadine alishindwa kujizuia.

"Neno moja, Wilma Jean. Moja. Orville mwenyewe angekusemea."

"Orville alinifundisha kukagua taa kabla ya kuondoka. Kila siku. Ndilo somo la kwanza."

"Na sasa utafanya nini?"

"Sijui. Kesho nitapeleka funguo za basi. Nimechoka, wifi, usiniulize leo."

Sitasema kwamba alipata malipo yake, kwa sababu hakupata. Basi lake linaendeshwa na mtu mwingine. Wapo wanaomwita mjinga, na nimewaambia waziwazi kwamba ningempa mjinga huyo wajukuu zangu kuliko werevu wao.

Siku ile ya kesi, wakirudi nyumbani, walipofika Kinu cha Yarbro taa ilikuwa nyekundu. Mashamba yalikuwa matupu pande zote, hapakuja gari wala trekta. Nadine aliachia breki kidogo.

"Hakuna mtu," alisema.

"Subiri," alisema Wilma Jean, macho ameyafumba, kichwa amekiegemeza kwenye kioo.

Wakasubiri.