Ndoo ya Kutemea

Gibson hakuwa mtu wa kutulia. Kitini alikaa kama aliyekalia siafu, na kanisani mama wa benchi la mbele yake alishageuka zaidi ya mara moja kumwomba aache kutikisa goti. Lakini siku za safari ya Dodoma ndizo zilizokuwa balaa. Alfajiri ya safari ya saba, chumbani kwao Mwananyamala, alishavaa fulana ya kampuni, akaivua, akaipiga pasi upya, akaivaa tena, kisha akaanza kupapasa mfuko wa suruali kutafuta karafuu zake.

"Zipo," alisema mkewe, Tusajigwe. "Umezitazama mara tatu. Kunywa chai."

"Nachelewa, mama Vaileth."

"Nitapiga saa nane."

"Najua."

Alijua sana. Kila safari, saa nane mchana, Tusajigwe alikuwa anampigia simu na kumuuliza neno moja tu. Sababu yake naisema mapema, maana bila kuijua utamwona Gibson mwendawazimu.

Gibson alikuwa mlevi. Sisemi mlevi wa Krismasi na harusi. Nasema mlevi ambaye chupa ya kwanza ilikuwa inaita ya pili, na ya tatu inamtafutia pa kulala. Siku moja pa kulala palikuwa mtaroni, nyuma ya soko, na aliyemkuta pale ni binti yake Vaileth, aliyekuwa anarudi kutoka shule na wenzake. Mtoto aliambiwa baba anaumwa. Tusajigwe alifunga mizigo, akamchukua mtoto, wakaenda kwao Tukuyu. Gibson alipowafuata kuomba radhi, alikaa mbele ya wazee akasema ni marafiki. Akasema ni shetani. Akasema alipitiwa. Alisema maneno yote yaliyomo kwenye lugha isipokuwa lile moja lililokuwa lake. Mkewe alirudi Dar baada ya miezi minane kwa sharti lisilo na mjadala: tone moja likipita kooni, anaondoka na harudi tena. Tangu siku hiyo ilikuwa imepita miaka miwili kasoro miezi mitano, na Gibson hakugusa.

Sasa tazama mambo ya dunia. Kampuni ndogo ya utalii kule Mikocheni ilimwajiri kutembeza wageni Bagamoyo, naye akaifanya kazi hiyo vizuri kwa sababu mdomo anao. Treni ya umeme ilipoanza kwenda Dodoma, bosi wake Anjelina akabuni safari ya siku moja: asubuhi kwenda, jioni kurudi, katikati yake shamba la zabibu, kuonja mvinyo na kula jibini. Nani aiongoze? "Gibson, wewe ndiye unajuaga kuchekesha watu." Kabla ya kazi hiyo Gibson alikuwa amekaa kijiweni zaidi ya mwaka mzima. Angekataa, angesema sababu gani? Akasema sawa, bosi. Alipolifikisha jambo hilo nyumbani, Tusajigwe nusura amrushie kikombe.

Aliyemwokoa ni Yuliana, dada anayemimina mvinyo pale shambani. Safari ya kwanza alimwona Gibson anavyoishika glasi kama imewekwa umeme, akamwonyesha ndoo ndogo ya bati juu ya meza. Wataalamu hawamezi, alimwambia. Wananusa, wanasukutua, wanatema. Gibson alitaka kumbusu. Tangu hapo akawa anatema kila funda, anatupia karafuu mdomoni, na saa nane simu ikilia mkewe anauliza, "Umetema?" Naye anajibu, "Nimetema." Safari sita zilikwenda hivyo.

Ya saba ilikuwa ya familia ya mzee Projestus wa Mbweni, mkaguzi wa shule mstaafu, mtu wa Bukoba. Yeye na mkewe, mama Demetria, walikuwa wametimiza miaka arobaini ya ndoa, na watoto wao wakawalipia safari. Walikuwa watu kumi, kiongozi wao kifungua mimba Isack, afisa mwenye simu mbili. Huyo alishamwambia Anjelina kwamba siku ikienda vizuri, Disemba ataleta ofisi yake nzima. Ujumbe wa Anjelina ulimfikia Gibson stesheni: "Hao wakifurahi, mwaka wetu umekaa. Usiniangushe. Ukiniangusha usirudi ofisini."

Ndani ya behewa Gibson alienda mbele, akarudi nyuma, akagawa maji, akaokota makopo kabla maji hayajaisha, akahesabu wageni wale wale kumi.

"Kijana," mzee Projestus akamwita. "Keti. Treni inakwenda yenyewe, si wewe unayeisukuma."

Watu wakacheka. Gibson akacheka nao, akakaa, na kabla ya Morogoro alikuwa amesimama tena.

Shambani jua lilikuwa limeshapanda. Waliipita mistari ya mizabibu kwenye udongo mwekundu, wakaingia chini ya paa la bati ambako Yuliana alikuwa ametandika meza ndefu. Jibini ilikuwa imepangwa juu ya mbao: laini ya mbuzi, ngumu ya ng'ombe, na nyingine iliyofukizwa moshi. Mama Demetria aliinusa ile ya mbuzi, akarudisha kichwa nyuma.

"Hii mlisahau kuitupa?"

"Hiyo ndiyo ya gharama, mama," Gibson akasema. "Harufu mbaya ndiyo uzuri wake. Ukishaizoea, ya dukani utaiona sabuni."

Walicheka hadi mzee akafuta macho. Siku ilikuwa inakwenda. Yuliana akamimina mvinyo mweupe, Gibson akachukua glasi yake na kuanza maonyesho aliyoyazoea. Akaizungusha, akainusa, akapiga funda, akasukutua shavu hili na lile, akainamia ndoo, akatema.

"Karibuni sana," akasema.

Mzee Projestus, aliyekuwa amefikisha glasi karibu na mdomo, akaiteremsha mezani. Mama Demetria akateremsha yake. Kisha glasi zikashuka moja baada ya nyingine hadi mwisho wa meza.

"Mwenyeji," mzee akasema taratibu. "Umefanya nini?"

"Nimeonja, mzee."

"Umetema."

"Ndivyo wataalamu wanavyoonja, mzee wangu, ili ulimi…"

"Mimi nimekulia kwenye lubisi. Baba yangu alikuwa anakamua ndizi, anatengeneza pombe ya kijiji kizima. Mgeni akija, mwenyeji anakunywa kwanza. Anameza, na watu wanaliona koo lake likipanda na kushuka. Ndipo mgeni anapokea. Wewe umekionja kinywaji unachonipa, ukakitema mbele ya mke wangu. Nikinywa hapo, nitakuwa nimekunywa nini?"

"Hata mie koo limefunga," mama Demetria akasema.

Yuliana alijitosa. "Mzee, mie nitakunywa kwanza."

"Ahsante, mwanangu. Lakini aliyetutoa majumbani kwetu ni huyu. Mwenyeji wangu ni yeye."

Isack alimvuta Gibson pembeni kwa mkono wa fulana. "Braza, ishu gani hapo? Meza funda moja, yaishe. Miaka arobaini ya wazazi wangu hii, unataka kuniharibia?"

Gibson aliitazama ndoo. Akawatazama wale watu kumi waliofumba midomo kama wako msibani. Akauona ujumbe wa Anjelina kama umeandikwa juu ya meza. Akachukua glasi, akapiga funda, akameza.

Koo likapanda, likashuka. Meza nzima ikapiga makofi.

Ulikuwa mtamu. Hilo ndilo lililomtisha. Ulipita kifuani ukifungua milango aliyoifunga kwa mikono miwili, na ulipofika tumboni, goti lake likatulia. Tangu alfajiri lilikuwa linatikisika, sasa limetulia tuli. Mikono nayo ilitulia. Gibson alisimama pale akiwa ametulia kama hajawahi kuwa na shida duniani, na akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja, na huyu alishawahi kuhamia kabisa kwenye mzinga.

Watu walikunywa, wakala jibini, wakasifu. Yuliana akaleta chupa ya pili, mvinyo mwekundu, na nyuma yake zilikuwa zimepangwa nyingine tatu. Akamimina. Mzee Projestus akashika glasi yake, akatabasamu, akamtazama mwenyeji wake. Alikuwa anangoja. Meza yote ilikuwa inangoja.

Gibson akashtuka kuona glasi iko mkononi mwake tayari. Hakukumbuka kuinyanyua. Ilikuwa imefika kidevuni, na mate yamejaa mdomoni. Akaishusha kwa nguvu hadi mvinyo ukamwagika kwenye kitambaa cha meza.

"Mzee, siwezi."

"Mvinyo umeharibika?"

"Haujaharibika. Mie ni mlevi, mzee."

Hakuna aliyecheka. Walidhani ni utani mwingine, wakangoja mwisho wake.

"Kweli, mie ni mlevi. Karibu miaka miwili sijanywa, hadi hilo funda la sasa hivi. Nikinywa na hili, nitamaliza chupa zote hizo, na nyie mtarudi Dar bila mwongozaji. Nikifika nyumbani sitamkuta mke wangu. Naombeni radhi."

Goti lilikuwa limeanza tena. Isack aliinamia simu yake. Mkwe mmoja alikuwa anakata jibini vipande vidogo vidogo ambavyo hakuna aliyeviomba. Disemba imekwenda, Gibson akawaza, na kazi imekwenda.

Mzee Projestus alikuwa amekasirika waziwazi. "Kwa nini hukusema mwanzo? Umeniacha nikulazimishe! Umenitia dhambini na umri huu!"

"Niliogopa kazi, mzee."

"Kazi!" Mzee akasonya. Akaigeuzageuza glasi yake bila kuinywa. Kisha akawageukia watoto wake kana kwamba yuko darasani.

"Mnajua kwa nini mwenyeji anaonja kwanza? Ili mgeni ajue hakuna alichofichwa. Sasa huyu amesema neno kama hilo mbele ya watu kumi asiowajua. Mtu wa namna hiyo atanificha sumu?"

Akanyanyua kidevu ili wote walione koo lake, akanywa, akameza.

"Mkali," akasema. "Lubisi haufikii, lakini mkali."

Mama Demetria akanywa. Wengine wakafuata. "Na hiyo ndoo iondolewe mezani," mzee akaongeza. "Mpeni mwenyeji maji." Yuliana akaibeba ndoo kwapani kama amebeba kuku, akarudi na jagi la maji. Isack alimsogezea Gibson sahani ya jibini, bila kumtazama usoni.

Saa nane kamili simu ikalia. Gibson akatoka chini ya paa, akaingia kati ya mistari ya mizabibu, huku anatafuna karafuu ya tatu.

"Umetema?"

Nyuma ya sauti ya Tusajigwe cherehani ilikuwa inakwenda. Alikuwa anashona sare za shule. Gibson aliuona uongo ulivyo mwepesi. Simu haina pua. Hadi treni ifike Dar hata harufu ingekuwa imekwisha, na wale wageni hawakumjua mkewe. Neno lilikuwa moja tu, na alishalisema mara sita.

"Moja nimemeza," akasema.

Cherehani ikanyamaza.

"Moja ngapi?"

"Funda moja. La kwanza. Mgeni aligoma kunywa, mzee wa watu, akataka nimeze kwanza."

"Na baada ya hilo?"

"Sijagusa."

"Gibson, usinichezee."

"Sijagusa, Tusa. Chupa bado ziko mezani, watu wanakunywa. Mie niko huku shambani na maji."

Alisikia mkewe anavuta pumzi. "Tangu nikujue," Tusajigwe akasema, "hujawahi kuwa na moja. Hata siku ya harusi yetu. Uliachaje?"

"Nilisema."

"Ulisema nini?"

Wanawake wawili walikuwa wanapogoa mizabibu hatua chache kutoka alipo. Gibson hakushusha sauti. "Niliwaambia mie ni mlevi."

Gibson alitembea hadi mwisho wa mstari, akageuka, akarudi, akageuka tena. Alitaka kueleza habari za Isack, za Disemba, za Anjelina. Akajizuia, kwa sababu alijua hizo ni zile zile za Tukuyu, marafiki na shetani.

"Mbele ya wazee wangu ulisema ulipitiwa," Tusajigwe akasema mwishowe. "Mie nilikaa pale nyuma ya mlango nangoja hilo neno. Wangekuja hata wachungaji kumi kukuombea, mie nilikuwa nangoja hilo tu."

"Najua."

"Hukujua."

"Sikujua," Gibson akakubali. "Utaondoka?"

"Nilisema tone, na tone limepita. Kwenye simu sitakujibu. Treni yenu inafika saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu."

"Nitakuja stesheni. Hilo neno utaniambia usoni. Na nakuja na Vaileth."

Gibson akasimama. "Mama Vaileth, mtoto wa nini? Tulimwambia nilikuwa naumwa."

"Ana miaka kumi na miwili. Yeye ndiye aliyekukuta mtaroni, Gibson. Hadi leo hajawahi kuniuliza unaumwa nini."

Kutoka chini ya paa walikuwa wanamwita, mwenyeji, mwenyeji, njoo tupige picha. Goti lilikuwa linatikisika hadi suruali inapeperuka. Akalishika kwa mkono, halikukubali, akaliacha.

"Mlete," akasema.