Usaili wa kuuza mapazia, swali ni "give up"

Jamani, leo nimeulizwa maana tatu za "give up" ili nipewe kazi ya kuuza mapazia.

Kariakoo. Mapazia.

Wateja wa duka lile wanatoka Buguruni na Mbagala. Sijawahi kumsikia hata mmoja akiomba apunguziwe bei kwa Kiingereza.

Ila meneja, mpwa wa mwenye duka, ana karatasi yake ya maswali. Maana ya kwanza nikamwambia ni kukata tamaa. Ya pili, kuacha kitu, kama sigara. Akatabasamu kama mwalimu.

"Bado moja."

Mapazia nimeyauza miaka tisa, lakini hilo hakuuliza.

Mara akaingia mama mmoja. Amehamia nyumba mpya, madirisha sita, na vipimo kavifunga mafundo kwenye kamba. Nikamwamkia. Kabla hajaitikia, meneja akadakia, "Mama, subiri nje kidogo, tuna usaili."

Mama akageuka. Na mimi nikainuka.

Nikampeleka duka la ng'ambo ya barabara. Nikaipima ile kamba fundo kwa fundo, nikamfunulia vitambaa mpaka akaridhika. Dada mwenye duka alikuwa amekaa ananitazama tu. Mama alipotoka na mzigo wake, dada akaniuliza, "Kesho unaweza kuanza?"

Usaili ukaishia hapo.

Meneja nimemwacha mlangoni kwake na karatasi mkononi. Anayeijua maana ya tatu ampelekee. Muda anao, wateja ndio hana.