Vichane Vitatu vya Ndizi

Nilipokuwa mwalimu wa kujitolea katika shule moja ya msingi huko Rugera, siku moja niliingia darasa la tano na vichane vitatu vya ndizi za kisukari. Nilikuwa nimevibeba kutoka nyumbani Bugene, nimejaa imani ya mtu ambaye bado hajashindwa jambo.

Niliandika ubaoni: tatu gawanya kwa nusu.

"Kila mtu akipewa nusu kichane," niliuliza, "watakula watu wangapi?"

Wakakata, wakahesabu, wakabishana kwa Kinyambo hadi wakasahau kwamba nipo. Sita. Msichana mmoja wa dawati la mbele, ambaye wazazi wake walikuwa vibarua kwenye mashamba ya kahawa, hakuila nusu yake. Aliikodolea macho.

"Mwalimu, ukigawanya si vitu vinapungua? Mbona sita ni kubwa kuliko tatu?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikamwachia swali lake makusudi. Akageuza ndizi mkononi, mara akasimama bila kuitwa. "Ndizi hazijaongezeka. Walaji ndio wameongezeka!"

Siku hizi mimi ni mwandishi, kazi yangu ni kutafuta sentensi, na sijapata iliyo nzuri kuliko hiyo.

Tangu siku ile alichora vichane kila mahali: kwenye daftari, kwenye vumbi, kwenye kiganja. Kisha ukaja mtihani wa ujirani mwema, ule ambao shule za kata hutungiana maswali na kusahihishiana. Swali lilikuwa mbili gawanya kwa robo. Yeye alichora vichane viwili, akakigawa kila kimoja sehemu nne, akaandika nane. Msahihishaji wa shule jirani alipiga mkasi mwekundu wa kosa juu ya ndizi zote na kuandika: NJIA IKO WAPI? Sifuri. Watoto wengine kadhaa walikuwa wamechora kama yeye. Tukawa wa mwisho katika kata.

"Karibu, mwalimu wa ndizi," mwalimu wa taaluma alinipokea ofisini, mbele ya wenzangu. "Leo umetuletea mbivu au za kupika?"

"Jibu lake ni sahihi," nilisema.

"Sahihi kwa nani? Hapa hatufundishi kula, kijana. Tunafundisha kufaulu. Na wewe si unangoja barua ya ajira?"

Nilikuwa naingoja. Ningeweza kubisha, ningeweza kwenda shule ile jirani na karatasi mkononi. Niliinamisha kichwa, nikanywa chai yao.

Kesho yake sikubeba ndizi. Nilibeba fimbo, ya kuonyeshea ubaoni, nilijiambia. Tukaimba kanuni ya kugawanya sehemu: "Kugawanya iwe kuzidisha! Ya pili pindua!" Darasa zima liliimba vizuri, kama kwaya ya kanisani. Msichana wangu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa nini tunapindua?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilihitaji kichane kimoja na dakika kumi. Nilisema, "Wewe pindua tu. Maswali yako ndiyo yaliyotufanya tuwe wa mwisho."

Darasa likacheka tena, lakini kicheko hiki mimi ndiye niliyekianzisha. Akaketi. Akalowesha kidole kwa mate, akaanza kufuta vichane kwenye daftari lake, akafuta mpaka karatasi ikatoboka.

Mtihani uliofuata alipata yote. Shule ikapanda, mwalimu wa taaluma akanipa mkono, na kwenye kikao cha wazazi nikazawadiwa chupa ya chai yenye maua. Mama yake alipiga magoti kunishukuru, akanisalimia shikamoo, mimi niliye na umri wa mwanawe wa kwanza. Nikaitikia marahaba. Na hilo nalo nililipokea.

Wiki hiyo nilileta ndizi kwa mara ya mwisho. Nilimwita wakati wa mapumziko, nikaweka vichane vitatu juu ya dawati.

"Kila mtu nusu kichane. Watu sita. Kwa nini sita?"

Alisimama wima, mikono nyuma. "Kwa sababu ya pili tunapindua, mwalimu."

"Na hizi ndizi je?"

Aliziangalia kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha ya ndugu asiyemkumbuka.

"Ndizi haziji kwenye mtihani, mwalimu," alisema, akaomba ruhusa ya kwenda kucheza.