Uzito wa Gorogoro ya Omena

Siku ambayo haijanitoka akilini, mwanangu, ni Ijumaa moja pale kiwandani Otonglo, kando ya ziwa, nilipomwonyesha mama wa watu kioo cha kompyuta na kumweleza kwamba kwa mujibu wa kioo hicho yeye ni mwizi. Neno lenyewe sikulitumia. Nilikuwa nimesoma, na msomi ana maneno laini ya kusemea mambo mabaya. Lakini kila aliyekuwa pale ofisini alielewa, na yeye alielewa kabla yao.

Nasikia wewe nawe umepewa kazi ya kuhamisha biashara ya mjomba wako kwenye sistimu mpya, na unaringa kidogo. Ringa tu, si dhambi. Mimi niliringa kukushinda. Ila kaa kwanza nikueleze.

Nilikuwa na miaka thelathini na mbili. Bwana Owuor, tajiri wangu, alikuwa na kiwanda kidogo cha chakula cha kuku na samaki. Alianza na mashine moja ya kusaga, akaongeza ya pili, kisha watu wakaanza kufuga samaki kwenye vizimba huko ziwani, na kazi ikawa nyingi kuliko madaftari yetu. Akanunua sistimu, hizi mnazoita ERP, ambamo ununuzi, stoo, mashine na mauzo vyote vinasomana. Gunia likiuzwa kwenye duka letu la Kisian, stoo ya Otonglo inapungua papo hapo. Kazi ya kuingiza vitu vyote humo akanipa mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na diploma.

Stoo ilikuwa ya Mama Atieno, mjane kutoka mtaa wa Nyalenda, aliyekuwa pale tangu mashine ya kwanza. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na nadhani hakunipenda sana. Yeye ndiye aliyepokea omena, wale dagaa wetu wadogo, kutoka kwa akina mama wa ufukweni. Alipokea kwa gorogoro, ule mkebe wa mafuta ya kupikia ambao soko zima la huku linapimia. Mahindi kwa gorogoro, omena kwa gorogoro. Hata kuchanganya tulichanganya hivyo, gorogoro kadhaa za hiki na kadhaa za kile. Miaka ikaenda, na kuku wa watu walitaga.

Sasa sistimu haijui gorogoro. Inataka kilo. Ikaniwekea nafasi tupu nijaze: gorogoro moja ni kilo ngapi? Mtu yeyote wa huku, hata ukimwamsha usingizini, atakuambia gorogoro ni kilo mbili. Nikaandika mbili kwenye mahindi. Nikaandika mbili kwenye omena. Nikaendelea na mengine. Stoo ilikuwa hatua thelathini kutoka mezani pangu, na mizani mpya ilikuwa imeshafungwa, lakini kule chini kulikuwa na vumbi na harufu, nami nilikuwa nimevaa shati jeupe.

Mwisho wa mwezi tukapima stoo nzima kwa mizani, mara ya kwanza tangu kiwanda kianze. Mahindi yakatoka sawasawa na sistimu. Nilifurahi, nikajiona fundi. Tulipofika kwenye omena, haikufika hata nusu ya iliyoandikwa.

Bwana Owuor akaniuliza kama sistimu inaweza kukosea. Nikamjibu kwamba ingekuwa inakosea, na mahindi pia yangekataa. Lilikuwa jibu zuri. Lilimtosha yeye, likanitosha na mimi. Halafu omena yenyewe, kila mtu anajua, ni kitu cha kutoka stoo mfukoni na kuishia kwenye sufuria ya mtu.

Ndipo tukamwita Mama Atieno. Alitazama kioo, kisha akanitazama mimi.

"Hii omena wewe umepima?"

"Sistimu imepiga hesabu yake, Mama."

"Sijauliza sistimu. Nimeuliza wewe. Shuka stoo, jaza gorogoro moja tu, weka kwa mizani, mimi nione."

Nikamwambia hatuna wakati wa kurudi nyuma. Ndivyo nilivyomjibu, neno kwa neno. Bwana Owuor, aliyemjua mwanamke huyo miaka yote, aliangalia sakafu. Mama Atieno akavua aproni, akaikunja, akaiweka na funguo juu ya meza yangu, akatoka. Akina mama waliokuwa wameleta magunia walimwona akipita getini mchana ule, na habari ilifika Nyalenda kabla yake. Baada ya Jumapili mbili, wanawake wa kanisa lake walimwomba, kwa upole sana, arudishe ufunguo wa jiko la kanisa.

Stoo nikaichukua mimi. Hakuna mwingine aliyeifungua. Nilipokea mwenyewe, nikaandika mwenyewe, na mwezi ulipokwisha nikapima mwenyewe. Mahindi sawa. Omena, chini ya nusu.

Nilipima tena. Mwanangu, niliogopa. Kwa kipimo kile kile nilichomfukuzia Mama Atieno, mwizi sasa nilikuwa mimi, na nilijua sijabeba hata samaki mmoja. Nikachukua gorogoro, nikaijaza omena mpaka ikafanya kichuguu, nikaiweka kwenye mizani. Haikufika hata kilo moja.

Omena ni nyepesi, yawa, jamani. Imekauka, imejikunja, mkebe nusu yake ni hewa. Kila mama anayeuza pale Otonglo anajua hilo mikononi. Na mimi nilijua, hapo ndipo aibu yangu inapokaa. Mama yangu mzazi aliuza omena ndipo nikasoma. Mikebe hiyo niliibeba utotoni, ya mahindi ikinilemea na ya omena nikikimbia nayo. Nilipoketi mbele ya kompyuta nilijifanya sijawahi kuibeba.

Nilimweleza Bwana Owuor. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Nenda umwambie."

Nilimkuta Mama Atieno kwenye foleni ya maji, na mtungi wake. Nikamwamkia, nikamwomba tuingie kwake tuzungumze.

"Mimi nilitoka kwa geti watu wakiona," akasema. "Wewe unataka kuomba msamaha ndani ya nyumba. Huo nitaupeleka kanisani namna gani?"

Kwa hiyo Jumapili nilisimama kanisani kwake mbele ya watu wasionijua, nikataja jina langu na kazi yangu, nikasema mimi ndiye niliyeandika mbili bila kupima, na huyu mama hakuchukua kitu. Walimrudishia ufunguo siku hiyo hiyo. Bwana Owuor naye akamwomba arudi kazini.

Alirudi kwa siku moja. Alikaa juu ya gunia, tukapima kila kitu kilichokuwa mle stoo, yeye akitaja na mimi nikiandika. Jioni akasimama, akajipangusa vumbi, akasema jina lake limerudi, hilo linamtosha, lakini yeye harudi. Hakurudi kweli.

Sistimu ilifanya kazi vizuri sana kuanzia siku ile. Kiwanda kilikua, wakafungua maduka mengine. Kila mwezi tulipopima, omena ilitoka sawasawa na kioo, Bwana Owuor akinipongeza, na kila mwezi niliona haya.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Vitu vya mjomba wako usiviingize ukiwa umekaa. Shuka stoo, mtafute aliyevishika miaka yote, hata kama hakupendi, mvipime pamoja, kimoja kimoja, hata kile unachodhani unakijua. Na sistimu ikikuambia kuna mtu amekosa, anza kutafuta kosa kwenye ulichoandika wewe, tena utafute kabla hujamwita. Ukiona umekosea, sema mbele ya wale wale waliosikia mara ya kwanza.

Nyasaye akubariki katika kazi hiyo. Akupe moyo wa kushuka ukiitwa, na kila utakayefanya naye kazi aende kwake jioni na jina lake zima.