Pakiti za Neema

Tangu wazazi wetu wafariki, mimi ndiye ninayewalea wadogo zangu hapa Nyakato. Niliacha shule darasa la tano, kwa hiyo Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu.

Mdogo wangu Neema alipougua malaria alibaki mifupa mitupu. Nyumbani tulikula mapanki, mifupa ya sangara inayobaki kiwandani baada ya minofu kukatwa, nami niliona aibu kumpa mgonjwa mabaki. Katika duka moja la vyakula vya nje nikaona pakiti za uji zenye picha ya mwanamke anayecheka, ngozi inang'aa.

"Hiki wanakula matajiri, dada," muuzaji akaniambia.

Niliuza kitenge cha marehemu mama, nikanunua.

Mwezi mzima Neema alikunywa uji ule tu. Alipoomba mapanki nilimfokea, "Nimekununulia cha kizungu, wewe unataka mifupa!" Ndugu zake waliokula mapanki wakanawiri, yeye akazidi kukonda. Nikamshutumu kwamba anaumwaga.

Nilipompeleka zahanati, muuguzi alimpima uzito, akauliza anakula nini. Nikatoa pakiti kwa majivuno, benchi zima lione. Akaisoma, kisha akaniangalia kwa huruma.

"Dada, hiki ni chakula cha watu wanaotaka kupunguza unene."

"Nani atoe pesa ili akonde?" nikamuuliza.

Benchi zima likaangua kicheko. Neema hakucheka. Alinishika mkono, akaninong'oneza, "Kwani dada, mimi nilikuwa mnene?"