Acha Igonjwe Kwanza

Mwanamke yule fundi wa redio, wa mtaa wa Kadutu, hakuwa na haraka na mtu, na hakushika bisibisi kabla hajaweka kiganja juu ya boksi la chombo, kama mama anayepima homa ya mwanawe. Asubuhi ile Adolphine, kiongozi wa kwaya, alimletea spika kuukuu yenye ampli ya kukuzia sauti ndani, ambayo mafundi wawili walishasema imekufa. Kila ikiwashwa iliimba dakika kumi, kisha ikakoroma na kunyamaza.

“Maman, ndoa iko saa tano! Badilisha tu kitu!” Adolphine akamhimiza.

“Acha igonjwe kwanza,” fundi akamjibu.

Akaiwasha, akakunja mikono, akangoja. Ilipoanza kukoroma, alichovya pamba kwenye spiriti, akazipoza transista za ndani moja baada ya nyingine. Ya nne ilipopoa tu, sauti ikarudi, safi kabisa: hiyo ndiyo iliyokuwa ikizidiwa na joto. Adolphine akapiga vigelegele; fundi akaing'oa transista hiyo, akachomelea nyingine.

Kanisani fundi aliketi kando ya spika, hasali wala haimbi, macho kwenye boksi. Zikapita dakika kumi, ishirini, saa nzima, isikorome hata mara moja. Ndipo akainuka, akawapungia wanakwaya mikono yote miwili:

“Sasa muimbe mpaka ng'ambo ya mto Ruzizi basikie!”