Bodi Isiyo na Urembo

Kabla ya kushika bodi yoyote, fundi wa kompyuta wa karibu na stendi ya Machakos hugusa kwanza chuma cha meza, umeme wa mwilini usije ukaiunguza. Kisha huyainamia maandishi yake madogo kwa kioo cha kukuzia, midomo ikicheza bila sauti. Mwalimu Syokau alimtazama akifanya hivyo mara ya tatu, roho mkononi. Bodi ya kompyuta yake ilikuwa imeungua, na ndani ya diski yake ya kasi, nyembamba kama chingamu, mlikuwa na sauti alizorekodi za akina nyanya wa Katelembo. Wawili kati yao walikuwa wameshazikwa.

"Si hii inaingia?" aliuliza, akionyesha bodi yenye taa za rangi.

"Kuingia itaingia, mwalimu, lakini hiyo nafasi ni ya diski za aina ya zamani. Bodi hii haitaiona yako kabisa." Akairudisha rafuni, akachukua nyingine isiyo na urembo wowote, akasoma upya toka mwanzo. "Hii ndiyo iko na njia ya diski yako."

Vidole vyake vinene vilikaza skrubu ndogo kama punje ya wimbi. Skrini ikawaka, na mafaili yakajipanga yote. Syokau alishusha pumzi hadi mabega yakalegea. Fundi alienda kufunga mlango ili kelele za bodaboda zibaki nje. Syokau akafungua faili la kwanza, na nyanya mmoja wa wale waliozikwa akamwuliza, kwa Kikamba, kama ameshakula.